Stakabadhi ghalani: maana yake, na kwa nini muda ni mali ya mkulima

Stakabadhi ghalani ni utaratibu ambao mkulima anapeleka mazao yake kwenye ghala lenye leseni, yanapimwa uzito na ubora, kisha inatolewa hati inayothibitisha kwamba mzigo ule upo na una mwenyewe. Mzigo unabaki ghalani, hati inabaki mkononi. Kuanzia hapo mwenye hati anaweza kuuza bila kuhamisha gunia hata moja, au akaipeleka hati benki iwe dhamana ya mkopo huku akisubiri bei ipande.

Hayo mawili, kuuza kwa hati na kukopa kwa hati, yanatumikia lengo moja: kumnunulia mkulima muda. Watu wengi wanaozungumzia maendeleo endelevu vijijini huanza na mbegu, mbolea na mvua. Mimi naanza na muda, kwa sababu mkulima asiyeweza kusubiri hupoteza faida ya mbegu bora na mbolea siku ileile anayouza.

Tazama mahindi ya nyanda za juu kusini. Mavuno yanaingia kati ya Juni na Agosti. Kila kaya inavuna wakati mmoja, kila kaya ina deni la pembejeo, na dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, hawasubiri mtu. Wote wanauza pamoja, bei inashuka. Ikifika Januari na Februari mahindi yameadimika na bei imepanda, na mara nyingi anayenunua unga kwa bei hiyo ya juu ni yuleyule aliyeuza gunia kwa bei ya kutupa miezi sita nyuma. Mahindi hayakubadilika, mwenye gunia kati ya Julai na Februari ndiye aliyebadilika. Tofauti ya bei inamwendea yule mwenye ghala na mtaji.

Tanzania ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na korosho zikaanza kuuzwa kwa mfumo huu msimu wa 2007/08, kwa kuanzia na Mtwara. Usimamizi uko chini ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, inayotoa leseni kwa maghala na waendeshaji wake. Kenya nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2019. Kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, stakabadhi ina sehemu mbili: hati ya umiliki, inayosema mali ni ya nani, na hati ya rehani, inayoweza kukabidhiwa mkopeshaji. Shika vizuri hiyo sehemu ya pili, nitaihitaji mbele.

Korosho ndizo zinazofundisha zaidi, kwa mazuri na kwa mabaya, kwa hiyo nitakaa nazo.

Kuanzia Oktoba mkulima wa Newala au Masasi anaokota korosho chini ya mti, anazitenganisha na mabibo, anazianika juani mpaka zikauke, anachambua takataka na punje mbovu. Anazipeleka kwenye chama cha msingi, yaani Amcos. Karani anapima, anaandika, anampa risiti. Mizigo ya wanachama inakusanywa na kupelekwa ghala kuu, na huko unyevu unaangaliwa, punje zinakatwa kuona hali ya kiini, na mzigo unawekwa daraja la kwanza au la pili. Kisha unakuja mnada unaoendeshwa kupitia chama kikuu, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala au MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Kwa miaka mingi zabuni zilifunguliwa hadharani mbele ya wakulima, bei inasomwa, na wao wanasema tumekubali au tumekataa. Sasa mauzo yamehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Nguvu ya utaratibu huu iko kwenye wingi na kwenye daraja. Mnunuzi anayesafirisha korosho ghafi kwenda India au Vietnam hataki kilo 80 za mtu mmoja, anataka shehena yenye ubora unaojulikana. Mkulima mmoja hawezi kumpa hiyo. Elfu moja kwa pamoja wanaweza, tena wanaweza kuwashindanisha wanunuzi wao kwa wao. Pale mzani ni wa haki na daraja ni la kweli, mkulima aliyekausha vizuri analipwa zaidi ya aliyeharakisha, na mwaka unaofuata wote wanakausha vizuri. Bei inafanya kazi ambayo semina kumi za ugani zisingeifanya.

Mfumo huu ulikuja kushindana na kangomba. Huo ni ununuzi wa pembeni: mchuuzi anapita kijijini na chombo chake cha kupimia kinachomeza zaidi ya kilo, au anakuja mapema zaidi, kabla ya msimu, na fedha taslimu. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Ni Julai. Mkorosho unahitaji salfa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na mtoto anadaiwa michango shuleni. Mchuuzi anatoa shilingi 200,000 kwa ahadi ya kilo 200 zitakapookotwa. Oktoba bei ya mnada inafika shilingi 3,000 kwa kilo. Zile kilo 200 zina thamani ya shilingi 600,000. Mkulima amekopa laki mbili kwa miezi mitatu na amelipa laki sita. Hata kama kwenye mnada angekatwa shilingi 300 kwa kila kilo, angebaki na 540,000.

Watu humlaumu mkulima huyu kwamba hajui hesabu. Anaijua. Alichokuwa hana ni shilingi 200,000 mwezi Julai kutoka mahali pengine popote. Polisi wamekamata korosho za kangomba mara kwa mara, magari yamezuiwa, na kangomba bado ipo, kwa sababu inauza kitu ambacho Amcos nyingi haziuzi: fedha ya mwezi wa saba.

Sasa hapa ndipo uchumi wa ghala unapokutana na uendelevu, na naomba msomaji asiupite haraka. Kwa shamba, uendelevu maana yake ni kwamba mavuno ya mwaka huu yanaacha kitu cha kutosha kulihudumia shamba mwaka ujao. Mkorosho unaishi miongo mingi. Ukipaliliwa, ukipogolewa, ukapuliziwa dawa kwa wakati, unazaa hadi wajukuu. Ukiachwa, haufi mara moja. Unazaa kidogo, pori linaingia, ukungu unatawala, na familia inafyeka sehemu nyingine kutafuta ufuta au mihogo. Bei mbaya ya leo inageuka msitu uliokatwa kesho kutwa.

Hilo lilishatokea. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi kwa pamoja: Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kukusanya watu katika vijiji vya pamoja, ilihamisha watu mbali na mikorosho yao, ubwiriunga ulienea, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumfanya atembee kilomita kadhaa kwenda kupalilia miti aliyoiacha. Miti ilikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya kuitunza. Kurudi kwenye kiwango kile kulichukua miongo mitatu na zaidi, halafu bei nzuri ilipokuja, ukuaji ukawa wa kasi ajabu: msimu wa 2017/18, kilo ikiwa imefika hadi shilingi 4,000 kwenye minada, taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000.

Lakini mwaka uliofuata ulionyesha upande wa pili. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na zabuni zilizo chini sana ya msimu uliotangulia, na wakulima wakazikataa minadani, jambo ambalo lilikuwa haki yao kabisa. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na akaagiza jeshi kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Malipo yalikwenda sambamba na uhakiki, hasa kwa waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500, na walio wengi walisubiri miezi. Wengine walikuwa wamenunua kwa kangomba na uhakiki uliwalenga hao, ni kweli. Ila mkulima halali naye alisubiri, na msimu wa salfa ukamkuta mfukoni mweupe.

Hapo mfumo unapinduka. Stakabadhi ilitengenezwa ili mkulima aweze kusubiri kwa hiari yake, akiwa na mkopo mkononi. Malipo yakichelewa baada ya mzigo kuuzwa, anayesubiri si mwenye hiari tena. Amekuwa mkopeshaji wa mnunuzi, wa chama, au wa serikali, bila riba na bila tarehe ya kulipwa. Kwa tajiri miezi miwili ni kero, kwa kaya yenye ekari tatu za mikorosho ni kurudi kwa mchuuzi yuleyule wa kangomba, safari hii kwa masharti magumu zaidi.

Ilishatokea pia kwa sura nyingine. Miaka ya mwanzo benki zilikopesha vyama, vyama vikawalipa wakulima malipo ya awali, sehemu ya bei dira, yaani bei ya mwongozo inayotangazwa kabla ya minada, kisha malipo ya pili baada ya mnada, na kama kuna ziada, majaleo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini riba ya benki ilikuwa ikila kila siku mzigo unapolala ghalani, na bei ya mnada ikianguka chini ya matarajio, pengo linamwangukia mkulima kwenye malipo ya pili. Aprili 2013 kule Liwale malipo pungufu yalizaa vurugu na nyumba za watu zikachomwa moto. Baadaye malipo ya awamu yakaachwa, mkulima akalipwa mara moja baada ya mnada. Hasira ya malipo ya pili ilipungua, lakini pamoja nayo ukaondoka ule mkopo wa kusubiria, ambao ndio ulikuwa roho ya utaratibu wenyewe.

Kwa hiyo mtu anaposema anaunga mkono au anapinga stakabadhi ghalani, inafaa aulizwe anazungumzia ipi. Kuna stakabadhi kama huduma: mkulima anachagua kuweka, kusubiri, kukopa, kuuza. Na kuna stakabadhi kama njia pekee ya kuuza, ambapo zao halipiti kokote ila mnadani. Ya pili ina hoja zake, maana bila wingi hakuna ushindani wa wanunuzi, na halmashauri hukusanya ushuru wake kwa urahisi. Lakini inamwondolea mkulima kitu cha muhimu: uwezo wa kuondoka pale huduma inapokuwa mbovu. Ghala ambalo wateja wake hawaruhusiwi kwenda kwingine halina sababu kubwa ya kupunguza makato wala kuharakisha malipo.

Kuhusu makato, ushauri wangu ni mmoja: yasomwe yote. Ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, magunia. Kila moja linaonekana dogo. Mwanachama ana haki ya kuona orodha hiyo kwenye mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa, na si baada ya fedha kuingia akaunti.

Mfumo pia una mipaka ambayo hakuna usimamizi mzuri utakaoiondoa. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei kwa mkulima wa Tanzania ikaporomoka kutoka maelfu ya shilingi kwa kilo hadi mia chache. Ghala lingeweza kuzihifadhi mbaazi zile vizuri kabisa na bado kusingekuwa na mnunuzi wa kuzisubiri. Kusubiri kuna maana pale ambapo bei itarudi. Soko likiwa na mlango mmoja na mlango ukafungwa, tiba ni kuongeza milango: kubangua korosho hapahapa, kukamua ufuta, kula mbaazi zaidi mashuleni.

Turudi kwenye ile hati ya rehani. Kwa sheria ipo, lakini mkulima mdogo wa korosho haioni mkononi mwake, kwa sababu mzigo wake umechanganywa na wa wenzake na stakabadhi ya ghala kuu hutoka kwa jina la chama. Anabaki na risiti ya Amcos, ambayo benki haiichukui kama dhamana. Pengo hilo linazibika. Amcos inajua historia ya kila mwanachama, amepeleka kilo ngapi msimu gani na za daraja gani. Hiyo ni taarifa ambayo benki ingeilipia. Chama chenye akiba yake, au chenye Saccos, yaani chama cha akiba na mikopo, pembeni, kinaweza kumkopesha mwanachama Julai kwa kuangalia wastani wa misimu yake na kukata deni mnadani Oktoba. Kwa mkulima wetu wa mfano, mkopo wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi ungemgharimu shilingi 18,000 kwa miezi mitatu. Kwa kangomba ulimgharimu 400,000, kabla ya kuhesabu makato ya mnada.