Mwasho ni ule ule, chanzo ni kingine: maswali na majibu kuhusu ngozi

Kila kinachoniwasha nakipaka krimu moja, na kinatulia kwa siku chache. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na ni mkubwa. Krimu nyingi zinazotuliza mwasho haraka zina steroidi. Kazi ya steroidi ni kuzuia kinga ya mwili isichachamae pale ulipopaka. Uvimbe unashuka, mwasho unakoma, na wewe unaamini umepona. Kama ulikuwa na pumu ya ngozi, umepaka dawa inayofaa. Lakini kama ulikuwa na fangasi, umewaondoa walinzi mlangoni na mwizi yumo ndani.

Choa, yaani fangasi wa ngozi, kikipakwa steroidi hubadilika sura. Lile duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa kama pameanza kupona, hupoteza ukingo wake. Linakuwa baka lisilo na umbo, pana kuliko mwanzo, na hata mtaalamu anaweza kulitazama asilitambue. Ukiacha kupaka, mwasho unarudi kwa nguvu, nawe unarudia krimu. Hivyo ndivyo mtu anavyoishi na choa miezi na miezi, na dawa anayo mkononi.

Sasa nitajuaje kama ni fangasi, upele au pumu ya ngozi? Vyote vinawasha.

Anza na mahali. Pumu ya ngozi hupenda mikunjo: ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Ngozi inakuwa kavu na ngumu, hutulia na kurudi, na mara nyingi ndani ya ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Fangasi hukaa palipo joto na unyevu, yaani kinenani, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Penginepo hujichora kama duara, na kichwani kwa watoto huwa mapunye, nywele zikikatika na kuacha viraka.

Upele, ule unaoletwa na kidudu kinachochimba ngozi, una alama yake. Mkalishe mtoto kwenye mwanga, mshike kiganja, umtanue vidole. Tazama taratibu ngozi iliyo kati ya kidole na kidole, kisha kifundo cha mkono. Ukiona kistari chembamba kama uzi, kimepindapinda, urefu wake milimita chache tu, hilo ni handaki. Ndani yake mna kidudu cha jamii ya utitiri, jike, asiyefika hata nusu milimita, naye hutaga mayai mawili matatu kwa siku. Swali la kuuliza baada ya hapo ni moja: nani mwingine nyumbani anajikuna usiku? Wakiwa wawili au watatu, jibu umekaribia kulipata.

Jambo moja ambalo maelezo mengi hulisahau: vitabu husema ngozi iliyowashwa na kuvimba huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona zambarau, kijivu, au weusi uliozidi wa kawaida. Usimwambie mtu hana kitu kwa sababu hujaona wekundu.

Choa kinatibiwaje basi?

Kwa krimu ya fangasi isiyochanganywa na steroidi, kama klotrimazoli au terbinafini. Paka hadi sentimita mbili nje ya ukingo, kwa sababu fangasi wameshatembea mbele ya kile unachokiona. Klotrimazoli huchukua wiki mbili hadi nne. Usiiache siku duara linapofifia, endelea walau wiki moja zaidi. Mapunye hayaponi kwa krimu peke yake. Fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na hiyo huandikwa na mhudumu wa afya.

Tulitibiwa upele nyumba nzima, baada ya mwezi ukarudi. Dawa ilikuwa mbovu?

Mama, mara nyingi dawa haina kosa. Nikuulize: mlipaka wote siku moja? Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Yule aliyesema "mimi sina kitu" na akaachwa, ndiye anayewarudishia.

Permethrini ya asilimia 5, krimu ya upele, hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha, kitovuni na sehemu za siri. Watoto wadogo hupakwa na kichwani pia, kwa maelekezo ya mhudumu. Inakaa mwilini saa 8 hadi 14, kwa hiyo paka usiku uoge asubuhi. Ukinawa mikono katikati, paka tena mikono. Rudia baada ya siku 7. Nguo na mashuka ya siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto, au yafungwe kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi, kwani kidudu hiki hakidumu mbali na mwili wa mtu.

Halafu jipe subira. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vidudu kufa, kwa sababu ngozi bado inapambana na mabaki yao. Wengi hapo huogopa, wakapaka dawa kila siku na kujiunguza. Tena naomba tuache kuwaaibisha watu. Upele huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kulala pamoja. Anayeoga mara tatu kwa siku anaupata vilevile. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Mwanangu ana pumu ya ngozi. Nimemwachisha kila chakula na bado anajikuna.

Mrudishie chakula, isipokuwa kile ambacho kweli kimethibitika kumdhuru. Mtoto anayekatazwa hiki na kile hukosa lishe, na ngozi haipati nafuu.

Fikiria ukuta wa matofali. Seli za juu ya ngozi ndizo matofali, mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo wa kushikizia. Kwa watu wengi wenye pumu ya ngozi udongo huo ni haba. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi yao wamerithi hitilafu kwenye jeni la filagrini, protini inayosaidia kuujenga ukuta huo. Maji yanatoka, sabuni na vumbi vinaingia, kinga inachachamaa, mtoto anajikuna, ukuta unabomoka zaidi.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni mafuta. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, muda mfupi, kwa sabuni isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, kisha mpake mafuta mazito yasiyo na harufu kabla ngozi haijakauka kabisa. Fanya hivyo kila siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Hapo ndipo wengi tunapoteleza: ngozi ikitulia, chupa inawekwa kando.

Siku mwasho unapolipuka, steroidi ina nafasi yake, kwa nguvu na muda aliosema daktari. Kipimo chake ni rahisi. Kamua dawa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka nchani hadi kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Dada, nina miaka 19. Nasugua uso mara nne kwa siku na chunusi haziishi.

Mdogo wangu, acha kusugua. Chunusi hazitokani na uchafu. Homoni huziamsha tezi za mafuta, seli zilizokufa huziba tundu la kinyweleo, na bakteria wanaoishi humo siku zote wanazaliana. Hata ule weusi kwenye kichwa cha chunusi ni rangi ya ngozi iliyokutana na hewa. Nawa mara mbili kwa siku, kwa mikono, bila dodoki.

Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, dawa ya kupaka, husaidia wengi, ila hupausha mito na taulo. Adapalini, dawa nyingine ya chunusi, hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya chunusi moja moja. Usiitumie ukiwa mjamzito. Toa nafasi ya wiki 8 hadi 12. Anayebadilisha dawa kila wiki hajawahi kuijaribu hata moja.

Zimeniachia madoa meusi. Nipake krimu ya kung'arisha?

Hapana, nakusihi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo, na watoto unaowabeba huipata kupitia ngozi yako. Nyingine zina steroidi kali zinazofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, au haidrokwinoni ambayo ikitumiwa muda mrefu huacha weusi wa buluu usiofutika kirahisi. Madoa ya chunusi hufifia yenyewe kwa miezi, mradi usizikamue na upake krimu ya kukinga jua ya kiwango (SPF) cha 30 au zaidi.

Soriasisi (mabaka mazito yenye magamba) na vitiligo (mabaka meupe ya ngozi iliyopoteza rangi) vinaambukiza?

Haviambukizi. Shikaneni mikono, kuleni pamoja.

Niende hospitali lini?

Siku hiyo hiyo, kama ngozi ina joto, inauma na inazidi kuvimba, au kuna homa. Kama malengelenge au vidonda vimetokea mdomoni au machoni baada ya kumeza dawa. Au kama mtoto mwenye pumu ya ngozi ameota ghafla malengelenge madogo yanayouma, yote yakifanana. Usisubiri pia doa jeusi linalokua, kubadilika rangi au kutoka damu, hata likiwa chini ya unyayo au ndani ya ukucha. Kwa mengine, nenda ikiwa wiki mbili hadi nne za tiba hazijaleta nafuu.

Piga picha kabla ya kupaka chochote kipya, na ubebe tyubu zote ulizotumia, hata ile uliyoazima kwa jirani. Usione haya kuitoa. Huenda jibu limo ndani yake.