Jogoo amejikunyata: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jogoo huficha ugonjwa. Ukimkuta asubuhi hajawika, mabawa yameshuka na upanga wa kichwani umepauka, huenda ameumwa tangu juzi.

"Hanywi? Mmiminie maji mdomoni."

Wengi humuulia hapa. Tundu la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Mfungue mdomo kwenye mwanga utaliona likifunguka na kufumba kila akihema. Maji ya kijiko huingia humo, yakashuka hadi mapafuni. Chovya kidole, weka tone ubavuni mwa mdomo, atalivuta mwenyewe. Bomba la sindano lililotolewa sindano linafaa pia, tone kwa tone. Mchanganyiko wa kumnywesha ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Yaliyobaki jioni yamwage. Siku mbili zinatosha, kisha maji ya kawaida.

Chakula je? Mpapase gole, mfuko wa chakula chini ya shingo, alfajiri kabla hajala. Kwa kuku mzima huwa tupu saa hizo. Likiwa gumu kama mpira, kuna kitu kimekwama, mara nyingi majani marefu au uzi wa nailoni, na pumba utakayomwongezea itarundikana juu yake. Mnyime nafaka, mpe maji, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa matone. Kanda gole polepole dakika 5, mara tatu kwa siku. Usimning'inize kichwa chini ili atapike. Tundu la hewa ni lile lile, matapishi yataingia humo.

"Ana homa, mwili unachoma."

Joto la kuku mzima ni kama nyuzi 41. Mkononi mwako atakuwa wa moto siku zote. Aliyejikunyata anasikia baridi: boksi kavu lenye maranda, pasipo upepo, mbali na wenzake, maana jogoo mnyonge hudonolewa.

"OTC inatibu kila kitu."

Hii, yaani oxytetracycline, ni dawa ya bakteria. Mafua yenye uso uliovimba na makamasi yanayonuka yanaweza kuisikia, kwa dozi ya kwenye lebo na kwa siku zote zilizoandikwa. Mdondo (kideri) na ndui ni virusi, havijali. Kidonge cha binadamu kilichokatwa kwa kukisia ni kibaya zaidi, kwani hujui umempa kiasi gani.

"Kinyesi cha kijani ni mdondo."

Si lazima. Asiyekula hutoa kijani pia. Hiyo ni nyongo. Mdondo una jamaa zake: kuhema mdomo wazi, shingo kupinda, miguu kupooza, na kuku kadhaa kuanguka ndani ya siku chache. Ukishaingia hauna tiba, si ya duka wala ya shubiri na pilipili. Kinga ni chanjo, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Chanjo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kumchanja aliyekwisha ugua ni kupoteza tone.

"Vigaga vya ndui bandua, upake majivu."

Ukibandua unaacha kidonda na kusambaza virusi. Paka ayodini, viache vidondoke vyenyewe, kwa kawaida wiki tatu au nne. Mchungulie kooni: utando wa manjano humo ndio wa kutisha, unaziba pumzi. Na funga matundu ya mbu bandani, ndio wasambazaji.

"Mchinje kabla hajafa."

Manyoya na utumbo wake vikitupwa jalalani, kuku wa jirani watavidonoa kesho. Aliyepewa dawa naye haliwi mpaka siku za kusubiri zilizo kwenye lebo zipite. Akifa, mfukie shimo refu ambalo mbwa hafukui. Wakifa wengi kwa ghafla, usiwashike mikono mitupu; mwite afisa mifugo kwanza.