Usaili wa kaunta ya vipodozi si wa kumpamba bibi harusi

Wadada wengi wa Dar wakiitwa kwenye usaili wa kaunta ya vipodozi, iwe Mlimani City au Posta, hujiandaa kama wanaenda kumpamba bibi harusi: kope za bandia, wanja uliokolea, uso unaong'aa. Wanaamini mwenye mbwembwe ndiye anayechukuliwa. Sivyo.

Kwenye usaili huo unampaka mteja vipodozi huku msaili akikutazama, naye huanza na mikono. Umenawa? Lipstiki umeichota kwa kijiti safi, au umeipitisha moja kwa moja mdomoni mwa mteja? Brashi ya maskara ikishagusa kope hairudi kwenye kichupa. Hapo huanguka hata wenye saluni zao Sinza. Kisha fandesheni: ijaribu kwenye taya, si mgongoni mwa kiganja, kwani mkono na uso mara nyingi havilingani rangi. Ikiwezekana msogeze mteja kwenye mwanga wa mchana, maana taa za dukani hudanganya.

Na zungumza naye. "Dada, ngozi yako ina mafuta?" Kwa joto na unyevu wa Dar, swali hilo lina uzito kuliko kope zozote. Kazi yenyewe ni kuuza, jamani. Mteja akiondoka kapendeza ila hajajua hata bei ya poda uliyompaka, alama zimekwenda.