Punda akinyamaza, mwangalie vizuri

Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Mimi ninayetibu punda hapa Lamu, anayepiga teke hanitishi. Bado ana nguvu ya kukataa. Ninayemwogopea ni yule aliyesimama ukutani, kimya.

Kosa letu ni kumsoma punda kama farasi mdogo. Farasi akiogopa hutimua mbio. Punda hukaza miguu, akakitazama kinachomtisha mpaka aridhike. Sisi tunaita ukaidi na kunyanyua fimbo, kumbe anapima hatari. Mwache anuse, dakika mbili tu, atapita mwenyewe. Akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia hali nzi hamna, fungua shogi, ule mfuko wa mizigo, utazame mgongo. Mara nyingi kidonda kiko hapo.

Lakini gumu zaidi ni maumivu ya ndani. Farasi akisokotwa na tumbo hujigaragaza, huparua ardhi, hugeuka kutazama ubavu wake. Punda mwenye ugonjwa uleule huenda akainamisha kichwa tu, basi.

Juzi niliitwa kumwona punda wa kubeba mchanga. "Daktari, anakula, ila kachoka," mzee mwenye punda akaniambia. Kweli, pua ilikuwa ndani ya majani. Nikachuchumaa nikatazama taya: hazisogei. Bua moja lilining'inia pembeni mwa mdomo muda wote niliokuwa pale, wala halikupungua. Beseni la majani lilikuwa limejaa kama lilivyokuwa alfajiri. Nikapima joto, 38.4. Kwa farasi hilo ni la kawaida. Punda mzima huwa karibu na 37, kwa hiyo huyu alikuwa na homa.

Hapo hakuna kusubiri kesho. Punda asipokula kwa siku chache, mwili huyeyusha mafuta yake na kuyaingiza kwenye damu, ini likazidiwa. Anaweza kufa kwa hilo hata kama kilichoanza kilikuwa kidogo.

Nikampa dawa, kisha nikauliza ninaloliuliza kila mara: mwenzake yuko wapi? Punda hushikamana na mmoja, na wakitenganishwa huweza kususa chakula. Mzee akatazama chini. Yule jike waliyekuwa wakifungwa pamoja alikuwa ameuzwa wiki iliyopita, mtaa wa Langoni.

Tukaenda kumwomba mnunuzi atuazime siku tano. Tuliporudi naye, yule mgonjwa alikuwa ameshasimamisha masikio kuelekea mlangoni kabla hatujaufungua.