Kutembea na Kuhoji Mji Mkongwe kwa Siku Moja

Wanafunzi wa nje wanaokuja Zanzibar kusoma Kiswahili au historia karibu wote hupewa zoezi lilelile: uzunguke Mji Mkongwe, uhoji wenyeji. Wengi huyafanya yote mawili kwa pamoja. Wanapiga picha ya mlango, wanamsimamisha mzee aliyebeba mkoba wa sokoni, wanamsomea maswali kumi yaliyotungwa kabla hawajapanda ndege. Mzee kwa adabu yake anaitikia "ndiyo" mpaka mwisho. Asubuhi ni ya kutazama, mahojiano ni ya alasiri, kwa sababu swali lenye maana hutokana na kitu ulichokiona.

Anzia Darajani saa mbili asubuhi, jua halijawa kali. Soko hilo ni la mwaka 1904. Ukivuka kwenda Mkunazini utafika kanisa la Anglikana, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapa kaa muda mrefu. Utaonyeshwa vyumba vya chini vya kufungia watumwa, lakini nyumba iliyo juu yake ilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoyatilia shaka maelezo hayo. Usibishane na mtembeza wageni. Andika tu: wenyeji waliisikia habari hii kwa nani, shuleni, nyumbani, au kwa watembeza wageni wenyewe? Tayari una swali la alasiri.

Kutoka hapo pita Sokomuhogo hadi Ngome Kongwe na Forodhani. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883 itazame kwa nje, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Milango ya nakshi usiihesabu. Chagua miwili, mmoja wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na mwingine wenye upinde, uulize baadaye nyumba zilikuwa za nani.

Adhuhuri rudi ule, ulale kidogo kama wenyeji. Mahojiano yapange baada ya sala ya alasiri, kuelekea saa kumi. Ijumaa mchana usipange kitu. Ukiandika miadi, taja kama ni saa ya Kiswahili, la sivyo "saa nne" itakukosesha mtu uliyepanga kuonana naye.

Karatasi zitangulie. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ni cha Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, na hata ukiwa nacho, pita kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) husika. Watu humuuliza sheha kabla ya kukujibu wewe.

Barazani, kwa mfano pale Jaws Corner, usitoe kinasa sauti mara ukifika. Toa salamu, wakubwa wape shikamoo, agiza kahawa, kaa. Ukiruhusiwa kurekodi, omba ridhaa tena kinasa kikiwa kimewashwa ili ibaki kwenye sauti. Kisha kiondoe mezani: dhumna ikipigwa, neno zima linapotea. Kiweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama sentimita 30 kutoka kwa msemaji, na kiipe mgongo njia ya pikipiki. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la mono, biti 16 na kilohezi 44.1, linakula takribani megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo nafasi ya kuhifadhi si kisingizio cha kupunguza ubora wa sauti. Betri ndiyo humaliza watu.

Umri usiuulize kwa mwaka. Wazee wengi watakadiria tu. Uliza: "Yalipotokea Mapinduzi ulikuwa umeshaanza chuo?" (yaani chuo cha Kurani). Mapinduzi yalikuwa Januari 1964, hesabu utaifanya mwenyewe. Swali la "Je, unapenda utalii?" litupe. Sema, "Nieleze mtaa huu ulivyokuwa ulipokuwa mtoto," halafu nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi unamsumbua mgeni peke yake, mzee anakumbuka.

Pesa ya mahojiano sishauri, inaharibu majibu ya anayefuata. Kahawa na kashata zinatosha. Ukienda nyumbani kwa mtu, chukua sukari.

Mahojiano mawili kwa siku yanatosha. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuinakili, zaidi kama wamesema wawili kwa pamoja. Kabla ya kulala andika nani alikaa wapi na nani alimkatiza nani, maana kinasa hakioni. Jina la mtu usiliweke kwenye jina la faili. Tumia namba, na orodha ya majina iweke mbali na sauti.