Pershe, kontrepwa, apuye: maana ya maneno ya mafundi wa nyuma ya jukwaa

Neno la kwanza ambalo fundi mpya wa jukwaa anapaswa kulijua ni pershe. Pershe ni bomba refu la chuma linalolala juu ya jukwaa kutoka upande mmoja hadi wa pili, nalo ndilo linalobeba mapazia, taa na mandhari zilizochorwa. Hutundikwa kwa nyaya kadhaa za chuma, na kila waya hupanda hadi kwenye grili, yaani sakafu ya fito zilizoachana iliyojengwa chini kidogo ya paa, ambako hupita juu ya kapi na kugeuka kuelekea ukutani. Nafasi ya juu ambamo mandhari hufichwa ili mtazamaji asiione huitwa sentre. Mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuutazama mnara wa shimo la mgodi kule Kipushi amekwisha kuliona wazo lenyewe: gurudumu liko juu, waya umepita juu yake, mzigo uko upande mmoja na nguvu iko upande wa pili.

Maneno haya yametufikia kwa Kifaransa pamoja na majumba yenyewe. Jengo la 30 Juni, ambalo msanifu Claude Strebelle alilichora katika miaka ya 1950, lilijengwa liwe jumba la tamthilia la mji wa Lubumbashi, uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Hata hivyo, mengi ya maneno hayo asili yake ni baharini. Kamba ya kufungia huitwa ginde, kutokana na kitenzi ambacho mabaharia wa Ufaransa walikitumia kwa maana ya kupandisha mizigo, na katika majumba ya Kifaransa ni mwiko mpaka leo kutamka jukwaani neno la kawaida la Kifaransa lenye maana ya kamba. Kiswahili cha pwani nacho kina foromali, ambayo ni boriti inayobeba tanga la jahazi, na jarari, ambayo ni kamba ya kulipandishia. Naona pershe ni foromali isiyo na bahari, na ningependa wanaofundisha kazi hii kwa Kiswahili wayatumie maneno hayo bila haya.

Dhana inayostahili muda mrefu zaidi ni kontrepwa, yaani uzito wa kusawazisha mzigo. Tuseme pershe yenye pazia ina uzito wa kilo 100. Mtu mmoja hawezi kuipandisha salama kwa mikono, kwa hiyo nyaya zake hufungwa kwenye kigari kinachotembea ukutani, na ndani ya kigari hupangwa vipande vya chuma vyenye uzito uleule wa kilo 100. Pande mbili zikisawazika, fundi anayevuta kamba ya kuongozea haubebi mzigo tena. Kazi yake ni kuuanzisha mwendo na kuusimamisha. Pershe ikishuka, kigari hupanda, na kigari kikishuka, pershe hupanda.

Hapo ndipo hatari ilipo, na ndipo ninapomwomba anayeanza asome polepole. Wakati wa kupakia, pershe hushushwa kwanza hadi chini, mzigo ukafungwa juu yake, kisha ndipo vipande vya chuma vinapoongezwa kwenye kigari kilichoko juu. Wakati wa kupakua, utaratibu hugeuzwa: vipande vya chuma hutolewa kwanza, na mzigo hufunguliwa baadaye. Sababu yake ni kwamba pershe iliyo chini haina mahali pa kuangukia, lakini kigari kilicho juu kinapo. Ukilifungua pazia huku kilo zote zikiwa bado ndani ya kigari, kigari kitaporomoka, pershe itaruka juu kwa nguvu, na hakuna mkono wa binadamu utakaoweza kuizuia kamba hiyo.

Amri nazo zina mtego wake, hasa kwetu tuliosoma Kifaransa shuleni. Apuye, ambalo darasani lina maana ya kubonyeza au kuegemea, jukwaani lina maana ya kupandisha pershe. Sharje, ambalo darasani lina maana ya kupakia, jukwaani lina maana ya kuishusha. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kumfikiria fundi anayeiegemea kamba kwa uzito wake wote, naye anapokwenda chini, mzigo unakwenda juu. Anayeifuata maana ya darasani atafanya kinyume cha alichoamriwa, huku wachezaji wamesimama chini ya chuma.

Kuhusu pande za jukwaa, jardini ni upande wa kushoto wa mtazamaji aliyeketi na kuru ni wa kulia, majina yaliyotokana na bustani na ua wa jumba la kifalme la Tuileries mjini Paris, ambako kundi la Comédie-Française lilihamia mwaka 1770.

Kumbi nyingi za parokia na za shule hazina sentre wala grili, na mzigo hutundikwa kwenye boriti ya paa. Mzigo wa kilo 100 ukifungwa moja kwa moja kwenye boriti, boriti hubeba kilo 100. Ukipitishwa juu ya kapi lililofungwa kwenye boriti hiyohiyo, na mtu akauvuta kwa kamba inayoshuka wima, boriti hubeba karibu kilo 200, kwa sababu inavutwa na mzigo upande mmoja na mvutaji upande wa pili. Kwa hiyo boriti iliyolistahimili pazia mwaka mzima inaweza kuvunjika siku ile linapofungiwa kapi.