Mtoto wa makabila mawili hajachanganyikiwa

Katika mazungumzo na wazazi wa Arusha na Moshi wanaoshiriki utafiti wetu, swali moja hunifikia likiwa limekwisha kubeba jibu lake: mtoto ambaye baba yake ni Mchaga wa Rombo na mama yake ni Mwiraqw wa Karatu, anayelelewa Arusha mjini kwa Kiswahili na kusoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, atakuaje ilhali hajui yeye ni nani? Nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba uvumilivu wangu umeanza kupungua.

Dhana hii ina ukoo mrefu hata vyuoni. Mwaka 1928 mwanasosholojia Robert Park wa Chicago aliandika kuhusu mtu wa pembezoni, anayeishi kati ya jamii mbili bila kuwa wa moja kikamilifu, na wengi waliomfuata wakashika upande wa mateso tu. Msingi wake ni kuufanya utambulisho uwe kama debe, kwamba ukitia Urombo mwingi, Uiraqw hauna budi kumwagika.

Tafiti za baadaye hazikuliunga mkono wazo hilo. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada alipendekeza kwamba kushika utamaduni wa asili na kushiriki katika jamii pana ni mambo mawili yanayopimwa kila moja peke yake, na kwa jumla wanaofanya yote mawili huonekana kuwa na hali njema kuliko waliotengwa na pande zote. Mwaka 2013 Angela-MinhTu Nguyen na Verónica Benet-Martínez walichambua kwa pamoja tafiti 83 zenye washiriki zaidi ya 23,000, wakakuta kwamba kuwa na tamaduni mbili kunaambatana na ustawi mzuri zaidi kuliko kushika mmoja. Nakiri kwamba kuambatana si kusababisha, na kwamba tafiti hizo zilihusu hasa wahamiaji na watoto wao, si ndoa za Rombo na Karatu. Hata hivyo, anayedai kwamba mchanganyiko wenyewe ndio ugonjwa hana takwimu za kusimamia.

Yapo mateso ya kweli, ila chanzo chake kiko kwingine. Benet-Martínez na Jana Haritatos walionyesha mwaka 2005, kwa Wamarekani wenye asili ya China, kwamba watu wenye tamaduni mbili hutofautiana katika kuziona kuwa zinapatana au zinagombana, na hisia ya ugomvi iliambatana na kubaguliwa na kuwa na mahusiano yenye mvutano. Basi itazame Desemba ya huku kwetu. Mtoto wa miaka tisa amesimama uani huko Rombo, ameshika sahani ya ndafu, shangazi anamwamkia kwa Kirombo, naye anajibu, “Shikamoo shangazi.” Binamu zake wanaangua kicheko, na mtu mzima mmoja anasema, bila hata kushusha sauti, “Huyu ni wa kwa mama yake.” Mtoto huyo hajachanganyikiwa hata kidogo: amefahamu sawasawa alichoambiwa. Ushauri wangu, ambao wenzangu wamechoka kuusikia, ni kwamba mzazi azungumze na wakubwa wa ukoo kabla ya safari, si kumhubiria mtoto ndani ya basi. Na lile swali la “wewe hasa ni kabila gani?” lisiulizwe mbele ya wageni kana kwamba ni mchezo.

Kuhusu hofu kwamba kilugha kitaharibu Kiingereza cha shuleni, nitakuwa mfupi. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi huko Montreal, na wenye Kifaransa na Kiingereza wakawazidi wa lugha moja katika majaribio mengi ya akili. Ni kweli kwamba msamiati wa mtoto katika kila lugha waweza kuwa mdogo kidogo kuliko wa mwenye lugha moja, lakini huo si upungufu wa akili.

Wapo pia wanaotetea Uchaga “halisi” usioguswa. Uchaga huo mmoja haukuwapo tangu zamani: katika karne ya 19 Mangi (yaani mtawala) Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walipigana vita, na Wachaga walipata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, katika miaka ya 1950 tu. Upande wa Meru, Waarusha wanazungumza Kimaa, lugha ya Wamasai wafugaji, na wao ni wakulima wa migomba na mahindi, jambo ambalo halijawahi kuwanyima usingizi. Anayetaka kumpima mtoto wake kwa kipimo cha asili aseme kwanza anakusudia asili ya mwaka gani.